Shajara ya mradi: kizazi cha kanga chenye taa

Wiki ya 1, Jumamosi

Haya naanza. Mwaka jana nilitengeneza figo kwa chupa za maji na mirija ya dripu, sikuandika kitu, mwaka huu watoto wakaniuliza madam ile ilifanyaje kazi nikabaki natoa macho. Kwa hiyo safari hii naandika kila hatua, hata zile za aibu.

Mradi wenyewe ni modeli ya via vya uzazi vya mwanamke, ya kitambaa, kubwa ya kuonekana mpaka siti ya nyuma, ndani yake kuna taa na kila taa ni jeni. Siweki jeni zote jamani, naweka nne tu za familia ya HOX, zile zinazopanga sehemu gani ya mwili iwe nini, na kati ya hizo nne mhusika mkuu ni HOXA10. Ni kwa ajili ya siku ya sayansi hapa shuleni kwetu Mbagala, nina wiki sita, bajeti ni mfuko wangu.

Kwa nini hiyo? Manake kila nikifundisha saratani kidato cha tano wanaondoka na picha moja tu kichwani, kwamba kuna jeni nzuri na kuna jeni mbaya, na ile mbaya imejificha mahali inakusubiri. HOXA10 inaharibu hiyo picha kabisa. Ndo inayojenga kizazi mtoto wa kike akiwa bado tumboni, ndo hiyohiyo inayosaidia mimba ishike akishakuwa mtu mzima, na ndo hiyohiyo unakutana nayo kwenye saratani, tena kwenye saratani moja unaikuta imewaka kupita kiasi na kwenye nyingine unaikuta imezimwa. Sasa utaiita nzuri au mbaya? Nataka mtoto azungushe kitufe kwa mkono wake aone.

Sababu ya pili ni mdogo wangu, hiyo nitaisema nikiwa na nguvu.

Jumapili

Leo nimechora. Meza yote ya kula imejaa karatasi, mzee akala chakula kibarazani bila kulalamika, Mungu ambariki.

Nitaanza na nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu, manake habari yote ilianzia huko. Mwaka 1915 Mmarekani Calvin Bridges alipata nzi ambaye kipande cha mwili wake kilichopaswa kuwa na vibawa vidogo vya kupatia mizani kilianza kuota kama mabawa kamili. Nzi mwingine akaja kuonekana ana miguu pale zinapotakiwa papasi (zile kama pembe ndogo za kunusia), yaani miguu imetoka kichwani! Edward Lewis akazifuatilia jeni za namna hii miaka na miaka mpaka akapewa Nobeli 1995 yeye na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus. Kabla ya hapo, 1984, maabara mbili tofauti, moja ya Uswisi na moja ya Marekani, ziligundua kwamba jeni hizi zina kipande kinachofanana, herufi 180 za DNA zinazotengeneza amino asidi 60 (amino asidi ndo matofali ya protini), na hicho kipande ndo mkono ambao protini yake inatumia kushika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Kwa hiyo HOX hajengi mwenyewe. Ni nyapara wa saiti, anapita anasema hapa mguu, hapa mbavu, wewe shusha tofali, wewe acha.

Binadamu tuna HOX 39 kwenye makundi manne, A iko kromosomu ya 7, B ya 17, C ya 12, D ya 2. Ninachokipenda mimi ni foleni yake, kwenye kromosomu zimepangwa mstari na mwilini zinafanya kazi kwa mpangilio huohuo kutoka kichwani kushuka chini, kama vituo vya Barabara ya Kilwa, ukitoka mjini huwezi kufika Rangi Tatu kabla hujapita Mtongani hata dereva awe nani.

Na kwenye uzazi wa mwanamke foleni iko hivi: HOXA9 kwenye mirija ya uzazi, HOXA10 kwenye kizazi, HOXA11 sehemu ya chini ya kizazi na mlango wake, HOXA13 sehemu ya juu ya uke. Ukimtazama mtoto tumboni mwanzoni kabisa hakuna kizazi wala mlango, kuna mirija miwili tu imenyooka, inaitwa ya Müller, inafanana toka juu mpaka chini. Ni hawa manyapara wanne ndo wanaofanya kipande hiki kiwe hivi na kile kiwe vile. Taa nne, rangi nne. Rahisi (nilidhani).

Jumatano

Nimeenda kwa fundi cherehani wangu na mchoro. Kosa langu la kwanza ni kwenda Mwezi Mtukufu, fundi ana nguo za Idi zimepanda mpaka dirishani, ananiangalia kama nimemletea kesi. Akaukunjua mchoro akaugeuza juu chini. "Madam, hili gauni la nani, mbona lina mikono imepinda?" Nikamwambia siyo mikono fundi, ni mirija, hiki ni kizazi. Akacheka mpaka akashika meza. Wateja wawili wakasogea nao kuangalia, mmoja mama mtu mzima akasema kumbe ni kadogo hivyo, nikamwambia mama halisi ni kama ngumi yako hivi, hiki nimekikuza.

Nilikuwa nataka satini ya pinki kama kwenye vitabu. Fundi akasema satini inateleza na haipitishi mwanga vizuri, tumia kanga ya zamani iliyofuliwa ikalainika. Af akaitandaza moja mezani akasema nitakata hivi, mirija itoke kwenye pindo, chini huku kwenye jina ndo iwe njia ya kutokea, na kizazi kitaangukia kwenye mji. Mji wa kanga! Mji wa mimba! Mi nimefundisha hili somo miaka kumi na moja sijawahi kuziweka hizo "mji" mbili pamoja, amekuja kuziweka mtu mwenye sindano mdomoni. Nikaacha hapohapo kitenge cha kupoozea na elfu kumi na tano ya kutangulizia.

Jumamosi, wiki ya 2

Kariakoo. Joto, foleni, nimekanyagwa mara mbili. Nimenunua taa ndogo za LED kijani, njano, bluu, nyekundu, nyaya, betri za volti 9, swichi nne za kuwasha na kuzima. Kijana wa dukani akaniuliza na rezista je (kidude cha kupunguza umeme), nikasema sihitaji, kwa kujiamini kabisa.

Jumapili

Nilihitaji rezista. Taa tatu zimekufa, moja imetoa harufu.

Jumanne, wiki ya 3

Hapa ndo mradi ulipogeuka. Nimeweka modeli ya majaribio ya boksi mbele ya darasa, swichi nne, nawasha HOXA10, kizazi kinawaka, makofi. Binti mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei akanyosha mkono, "Madam, kama kazi yake ni kujenga kizazi tukiwa tumboni, sasa hivi sisi tushajengwa, inawaka ya nini?"

Nikamwambia swali zuri nitalijibu kesho, lugha ya walimu tunaijua wote.

Usiku nimekaa na simu kusoma tena nilichokuwa nakijua nusunusu. Jibu ni kwamba nyapara hakuondoka saiti. Kwa mwanamke mzima HOXA10 inaendelea kufanya kazi kwenye ukuta wa ndani wa kizazi, na haiwaki kiwango kimoja, inapanda na kushuka na mwezi. Homoni ya estrojeni inaipandisha, ya projesteroni inaipandisha zaidi, na inafika juu kabisa katikati ya nusu ya pili ya mzunguko, kama wiki moja hivi baada ya yai kutoka, siku zilezile ambazo kiinitete (yai lililorutubishwa likaanza kukua) kinatafuta pa kujishikiza. Yaani ukuta unaandaliwa kupokea mgeni na HOXA10 ni mmoja wa wanaoandaa. Timu ya mtafiti Hugh Taylor pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ndo walioonyesha hivyo kwa wanawake miaka ya 1990.

Sasa swichi yangu ni uongo. Swichi inasema jeni iko ON au OFF, kumbe hii ni volyumu. Nimezing'oa zote nne. Kesho narudi Kariakoo kutafuta vile vitufe vya kuzungusha kama vya redio za zamani.

(Yule binti nimemwambia mbele ya wenzake kwamba ameniongezea kazi na gharama. Amefurahi huyo!)

Ijumaa

Vitufe vimepatikana, elfu moja moja, na rezista nimenunua nyingi kwa hasira. Kijana wa dukani hakusema kitu, alitabasamu tu. Inafanya kazi! Unazungusha taratibu na mji wa kanga unaanza kung'aa kidogo kidogo mpaka maua yote yanaonekana.

Nimetengeneza kadi ya kwanza ya maelezo, ya panya. Mwaka 1995 walitengeneza panya wasio na Hoxa10 (ya panya inaandikwa kwa herufi ndogo). Majike yakawa yanatoa mayai vizuri, yanarutubishwa vizuri, lakini mimba hazifiki. Sasa wewe ungejuaje kama tatizo ni kiinitete au ni nyumba? Walichukua viinitete vya hao panya wakavihamishia kwenye kizazi cha panya wa kawaida mwenye hiyo jeni na vikaishi. Tatizo lilikuwa nyumba. Na walipokitazama kizazi, kipande chake cha juu kimegeuka kuwa kama mrija, manake nyapara wa kumi hayupo basi wa tisa kajichukulia eneo. Madume nao hawakupona, korodani zao zilibaki tumboni hazikushuka. Wavulana darasani walinyamaza ghafla nilipofika hapo.

Jumatatu, wiki ya 4

Leo nina nguvu, namuandika mdogo wangu.

Tangu yuko kidato cha pili akiingia siku zake anajikunja sakafuni. Tumeambiwa ni kawaida, tumeambiwa akiolewa itaisha, akaolewa tukaambiwa akizaa itaisha, na kuzaa kukawa ndo hakuna. Miaka tisa. Nilikuwa mimi mwalimu wa bayolojia na mimi mwenyewe nilikuwa nampa dawa ya maumivu na chupa ya maji ya moto nasema vumilia. Baadaye sana daktari mmoja akamwambia ni endometriosisi, tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi zimeota nje ya kizazi.

HOXA10 inaingia hivi. Kwa wanawake wengi wenye endometriosisi, ule mpando wa katikati ya nusu ya pili haupandi inavyotakiwa, volyumu inazungushwa ila sauti haiji, na hiyo ni moja ya sababu zinazodhaniwa kufanya mimba isishike hata pale ambapo mayai yapo na mirija iko wazi. Na mara nyingi jeni yenyewe haijakatika wala haijakosewa herufi. Kilichotokea ni kwamba vikundi vidogo vya kemikali vinavyoitwa methaili vimebandikwa kwenye DNA pale mlangoni pa jeni, mashine ya kuisoma inapita haioni pa kuingilia.

Nilikaa muda mrefu nawaza nitaonyeshaje kitu kama hicho. Nikikata waya ni uongo, manake waya mzima. Nikitoa betri ni uongo vilevile, homoni zipo. Mwishowe nimechukua ile tepu nyeusi ya mafundi umeme nikaizungushia taa yenyewe. Taa inawaka huko ndani, betri inaisha kama kawaida, na mji uko giza. Nilimtumia mdogo wangu klipu. Akajibu, "kwa hiyo mi sijaharibika, nimefunikwa." Sikuwa na la kuongeza.

Alhamisi

Fundi amemaliza, siku mbili baada ya Idi kama alivyoahidi (yaani wiki moja baada ya alivyoahidi). Kazi safi. Mirija ameiwekea vindole mwishoni vya kudaka yai, sikumuomba, aliona kwenye mchoro. Ila jina la kanga limekatwa katikati, limebaki neno moja tu "SUBIRA" liko kwenye mlango wa kizazi. Nimeamua kuliacha.

Jumamosi, wiki ya 5

Sehemu ya saratani. Hii nimeiandika upya mara nne.

Kadi ya DES kwanza, manake inaunganisha nusu mbili za mradi. DES ni estrojeni ya kutengenezwa maabara, ilitoka Uingereza 1938, wajawazito Marekani na kwingine wakawa wanapewa eti mimba isitoke. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ukaonyesha haizuii chochote, na bado iliendelea kuandikwa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakatoa taarifa ya mabinti wanane wa miaka 15 mpaka 22 wenye saratani ya uke, saratani ambayo kwa umri huo ilikuwa karibu haipo, na mama saba kati ya wale wanane walikuwa wametumia DES wakiwa na mimba. Wamama 32 wa kulinganisha nao, hakuna hata mmoja aliyetumia. Mabinti wengine wa DES wakaja kuonekana wana kizazi chenye umbo la T, na mimba zinawasumbua. Panya walipopewa DES wakiwa bado tumboni mwa mama ikaonekana foleni ya HOX imevurugika, Hoxa9 imeteremka mpaka kwenye kizazi, Hoxa10 na Hoxa11 zimepungua. Kwenye modeli nafanya hivi, nachomoa taa ya kijani ya mirija naisogeza chini kwenye mji na ya njano, ya HOXA10, naipunguza. Watoto wanaona mipaka imehama bila mimi kusema neno.

Baada ya hapo saratani tatu.

Ya ukuta wa kizazi: HOXA10 inapungua, tena kwa tepu ileile ya methaili. Ikiwa hai inaibana jeni moja inaitwa Snail. Ikizimwa, Snail anakuwa huru na anaipunguza E-kadherini, protini inayogandisha seli na jirani yake, basi seli zinaachiana mikono na kuanza kutembea. Hapo HOXA10 ni mlinzi.

Ya ovari: kinyume chake. Seli za juu ya ovari kwa kawaida hazina HOXA9, 10 wala 11. Kwenye saratani ya ovari zinawaka, na utafiti wa 2005 wa panya ulionyesha kila moja inaipa saratani sura ya sehemu yake, HOXA9 inaleta sura inayofanana na ya mirija, HOXA10 sura ya ukuta wa kizazi, HOXA11 sura ya mlango wa kizazi. Seli mbovu imevaa sare ya kituo kingine! Mi hili lilinikosesha usingizi kwa uzuri wake, Mungu anisamehe kuliita uzuri.

Ya damu: hapa kizazi hakihusiki kabisa. HOXA10 inafanya kazi pia kwenye uboho wa mfupa, inawaka kwenye seli changa za damu na inatakiwa ififie zikikomaa. Kwenye aina fulani za saratani ya damu, hasa za kundi la myeloidi, yenyewe na jirani yake HOXA9 zinabaki juu, seli zinakataa kukua zinazaana tu. Panya waliowekewa HOXA10 nyingi kwenye uboho waliishia kupata saratani hiyo, 1997. Kwa hiyo hapa ni kitufe kimekwama juu, nitakibandika gundi kisizunguke.

Tatizo, sina mfupa.

Jumapili

Nimepata mfupa. Wa ng'ombe, kwa muuza supu wa hapa kituoni, kanipa bure. Nimeuchemsha, nimeuloweka kwenye jiki, nimepitisha taa nyekundu ndani. Unapendeza balaa.

Jumanne, wiki ya 6

Sisimizi.

Msafara umetoka dirisha la maabara, umepita juu ya mizani, umeingia kwenye uboho. Mkuu wa shule kapita akasema humu kuna harufu ya mchuzi. Nimeuchemsha tena nyumbani, mzee safari hii amelalamika.

Ijumaa, siku yenyewe

Mvua ya masika toka alfajiri, barabara ya kuingilia shuleni ni mto, wazazi wamekuja na viatu mkononi. Nilifikiri hatutapata watu, kumbe mvua ilifanya waliokuja wasiondoke.

Mambo ya kurekebisha niandike kabla sijasahau. Kitufe cha HOXA11 kimelegea. Kadi ya DES ni ndefu, watu wanasoma mistari minne wanaacha, mwakani iwe michoro. Na mama watatu tofauti waliniuliza kama hii ndo jeni inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, na kama wanaweza kupimwa, nikaona nimewachanganya. Hapana, ile inaletwa na kirusi cha HPV, na mabinti wanachanjwa nchi nzima tangu 2018, mpeleke mwanao. Nimeandika kwa makapeni kwenye karatasi nikaibandika pembeni ya lile neno SUBIRA, af nikagundua linasomekaje nikaihamishia upande wa pili haraka sana.

Yule binti wa nyuma ndo alikuwa muelezaji. Kuna baba mmoja akamuuliza sasa hii jeni ni ya uzazi au ya kansa, akamwambia, "Zungusha baba, kwanza niambie uko wapi." Baba akazungusha. Akawa kwenye mfupa, kitufe kimegandishwa, akalazimisha, akakivunja.

Fundi alikuja saa tisa na wateja wake wawili walewale. Alibandua tepu nyeusi, akairudisha, akaibandua tena, akaangalia mshono wake unavyopitisha mwanga. Ameniuliza kama mwakani nitahitaji cha mwanaume, maana kile atataka alipwe kabla.